Kupima biodizeli kabla haijaingia kwenye injini: densiti, mnato, joto la kushika moto na tabia kwenye baridi

Ndani ya chupa, biodizeli safi na ile yenye mafuta ambayo hayakubadilika hufanana. Zote zina rangi ya asali, na zote hung'aa zikiwekwa kwenye mwanga. Pampu na nozeli ndizo zinazoijua tofauti, na zikishaijua gharama huwa imeshaingia: nozeli zimeganda kaboni, ringi za pistoni zimenata, oili ya injini imeongezeka ujazo kwa sababu mafuta yasiyoungua yameteremkia kwenye karta. Vipimo vya hapa vinafanyika kwenye maabara ndogo yenye mizani nzuri, vyombo vya kioo na beseni la maji linaloshika joto. Kinachowaangusha wengi si ukosefu wa mashine ghali. Ni kuandika namba bila kuandika joto lake. Ukimwambia mtu mnato (ugumu wa mafuta kutiririka) ni 6 bila kutaja nyuzi ngapi, hujamwambia kitu.

Kwa biodizeli tunamaanisha esta za methili zinazopatikana mafuta ya mimea au ya wanyama yanapochanganywa na methanoli pamoja na kichocheo. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka densiti (uzito kwa ujazo) ya kilo 860 hadi 900 kwa mita ya ujazo kwenye 15 °C, mnato wa 3.5 hadi 5.0 mm²/s kwenye 40 °C, joto la kushika moto lisilopungua 101 °C, na maji yasiyozidi miligramu 500 kwa kilo. Kiwango cha Marekani, ASTM D6751, ni kilegevu zaidi kwenye mnato (1.9 hadi 6.0), nacho hakiweki mpaka wa densiti. Mafuta ghafi ya mimea, kwa kulinganisha, yana mnato wa 30 hadi 40 kwenye joto hilohilo la 40 °C. Huo ndio umbali ambao kazi ya kutengeneza biodizeli inatakiwa kuuvuka.

Sampuli, na nini kipimwe kwanza

Chukua lita moja kwenye chupa ya kioo cha kahawia, iliyooshwa na kukaushwa kabisa. Ijaze kama asilimia 85, ili mafuta yakipata joto yapate pa kutanukia. Tangi likiwa limetulia, chota juu, katikati na chini, kila mahali kwa chupa yake. Gliserini, zao la pembeni la utengenezaji huu, ina densiti ya takriban 1260, kwa hiyo iliyobaki huzama; maji yaliyojitenga nayo huzama. Sampuli ya juu peke yake itakupa habari njema ambazo tangi zima halina.

Mpangilio wa vipimo una maana kuliko unavyodhaniwa. Methanoli hutoroka kila kifuniko kinapofunguliwa, na biodizeli huvuta unyevu wa hewa. Basi fungua chupa mara moja, utoe kwanza sehemu ya kupima joto la kushika moto na ya kupima maji, kisha uifunge. Densiti na mnato vifuate, baridi iwe ya mwisho. Usikaushe sampuli kwa kuichemsha kabla ya vipimo viwili vya kwanza. Utakuwa umefukuza kile unachokitafuta.

Densiti

Pampu ya injini hupima mafuta kwa ujazo, si kwa uzito. Densiti ikibadilika, uzito wa mafuta yanayoingia kwenye silinda kwa kila pigo hubadilika nao, ndiyo maana kipimo hiki kina uzito.

Njia ya haraka ni haidromita, mrija wa kioo wenye skeli unaoelea ndani ya mafuta. Tumia silinda pana ya kioo ya mililita 500, weka mahali pasipo upepo, mimina taratibu ukiinamisha silinda ili viputo visijitengeneze. Koroga kwa kipimajoto, subiri joto lisimame, shusha haidromita, izungushe kidogo ili isishike ukuta, kisha iache itulie. Soma pale uso bapa wa mafuta unapokata skeli, si juu ya kilima kidogo kinachopanda kwenye shingo ya kioo. Andika joto palepale, kabla na baada ya kusoma. Likiwa limehama zaidi ya nusu digrii, rudia.

Njia sahihi zaidi ni piknomita, chupa ndogo ya mililita 25 au 50 yenye kizibo chenye tundu jembamba. Ipime tupu ikiwa kavu. Ijaze maji yaliyochemshwa yakapozwa (kuchemsha huondoa hewa iliyoyeyuka), iweke kwenye beseni la 25 °C kwa dakika 20, futa tone lililotokea kwenye tundu, kausha nje, pima. Mwaga, suuza kwa asetoni, kausha, kisha fanya vilevile kwa biodizeli. Hesabu yake ni hii:

densiti = (uzito wa mafuta ÷ uzito wa maji) × (densiti ya maji − 0.0012) + 0.0012

Hiyo 0.0012 ni densiti ya hewa kwa gramu kwa mililita. Ukiiacha unapoteza takriban kilo 0.1 kwa mita ya ujazo, jambo dogo kwa warsha, lakini kuiingiza kwenye hesabu hakuna gharama. Maji ni 0.99910 kwenye 15 °C, 0.99820 kwenye 20 °C na 0.99705 kwenye 25 °C.

Mfano: chupa tupu gramu 22.415, ikiwa na maji, 47.312, ikiwa na biodizeli, 44.283. Maji ni gramu 24.897, mafuta 21.868. Uwiano ni 0.87834. Zidisha kwa 0.99585, ongeza 0.0012, unapata 0.8759, yaani kilo 875.9 kwa mita ya ujazo kwenye 25 °C.

Hapo bado hujamaliza, kwa kuwa kiwango kinazungumzia 15 °C. Biodizeli hupungua densiti kwa takriban kilo 0.723 kwa mita ya ujazo kwa kila digrii inayopanda. Tofauti ya digrii 10 ni 7.2, hivyo densiti ya 15 °C ni 883.1. Mtu aliyepima kwenye chumba cha 32 °C na kulinganisha moja kwa moja na jedwali amejidanganya kwa zaidi ya kilo 12.

Kosa la kawaida la piknomita ni kiputo kilichojificha chini ya kizibo. La pili ni kuishika kwa kiganja wakati wa kuifuta: joto la mkono hutanua mafuta, tone linatoka, unalifuta, na uzito unapungua. Ishike shingoni kwa karatasi.

Mnato

Ukiwa na muda wa kipimo kimoja tu, kiwe hiki. Mnato ukizidi, mafuta hutoka kwenye nozeli kwa matone makubwa, hupaa mbali na kugonga ukuta wa silinda badala ya kuwa ukungu. Ukipungua mno, pampu hukosa ulainishaji na mafuta huvuja pembeni mwa plunja zake.

Kifaa ni viskomita ya kioo: mrija mwembamba uliokunjwa kama U, wenye tufe na alama mbili. Aina mbili zinazotumika sana ni Cannon-Fenske na Ubbelohde. Cannon-Fenske ni rahisi na imara, ila ujazo wa mafuta unayoweka lazima uwe sahihi, maana urefu wa mafuta upande wa pili unaathiri mwendo. Ubbelohde haijali sana ujazo, na kwa mtu anayeanza inasamehe makosa zaidi. Kwa biodizeli chagua saizi 75 au 100. Saizi 75 ina namba thabiti (unayoizidisha kwa sekunde ili kupata mnato) ya takriban 0.008 mm²/s kwa sekunde, saizi 100 takriban 0.015, namba kamili ya mrija wako imeandikwa kwenye cheti chake, na hiyo ndiyo ya kutumia. Lengo ni muda wa sekunde 200 au zaidi. Chini ya hapo, mwendo wa mafuta unakuwa wa kasi kiasi kwamba hesabu ya kuzidisha tu haitoshi.

1. Chuja sampuli kwa chujio cha mikroni 75. Punje moja ya vumbi au uzi wa kitambaa ndani ya mrija huongeza sekunde kadhaa, na hutaiona.

2. Osha mrija kwa heksani au petroli nyepesi, kisha kwa asetoni, ukaushe kwa hewa kavu iliyochujwa. Usitumie hewa ya kompresa ya gereji bila kichujio, inabeba oili.

3. Kwa Cannon-Fenske, ugeuze mrija juu chini, zamisha mdomo mwembamba kwenye sampuli, vuta kwa mpira hadi mafuta yafike kwenye alama ya pili. Geuza, futa mdomo.

4. Usimamishe wima kwenye beseni la 40 °C. Kiwango cha kupima mnato, ASTM D445, kinataka joto lisitetereke zaidi ya digrii 0.02. Beseni la kawaida lenye kikorogeo na kidhibiti kizuri linaweza kufika digrii 0.1, ukikubali hilo, kubali pia kwamba umepoteza takriban asilimia 0.2 ya usahihi, kwani mnato wa biodizeli hubadilika kwa asilimia 2 hivi kwa kila digrii.

5. Subiri dakika 30. Watu huharakisha hapa kuliko mahali pengine popote. Mafuta yaliyotoka kwenye chumba cha baridi yakipimwa baada ya dakika 5 yatakupa mnato wa juu, na ukirudia yatakupa wa chini kidogo, na mara ya tatu wa chini zaidi. Msururu wa namba zinazoshuka ni ishara kwamba joto bado linasafiri.

6. Vuta mafuta hadi milimita 5 au 7 juu ya alama ya kwanza, hakikisha hakuna kiputo, achia. Anza saa uso wa mafuta ukipita alama ya juu, simamisha ukipita ya chini. Jicho liwe sawa na alama.

7. Rudia bila kumwaga. Kwenye muda wa sekunde 300, majaribio mawili yasitofautiane zaidi ya sekunde 1. Yakitofautiana, osha na uanze upya. Usichukue wastani wa makosa mawili.

Ukipata sekunde 300 kwa mrija wa 0.0150, mnato ni 4.50 mm²/s. Ukihitaji mnato wa nguvu (ule wa mPa·s, ambao haujagawanywa kwa densiti), kwa mfano kwa hesabu za mtawanyiko wa nozeli, zidisha kwa densiti ya joto lilelile: si 883 ya 15 °C, bali takriban 865 ya 40 °C. 4.50 × 0.865 ni 3.89 mPa·s.

Mrija uhakikiwe mara kwa mara kwa oili ya kiwango yenye cheti. Usitumie maji: yanapita haraka mno kwenye mirija hii, na mvuto wa uso wake ni mkubwa mara mbili na zaidi ya ule wa mafuta, hivyo yanashika kioo kwa namna nyingine. Na kama huna viskomita kabisa, pipeti ya kioo inaweza kukupa ulinganisho: pima muda wa biodizeli yako na wa biodizeli nyingine ambayo mnato wake unaujua, kwenye joto moja. Hiyo inatenganisha nzuri na mbaya sana, basi. Usiiandike kwenye cheti.

Joto la kushika moto

Hili ni joto ambalo mvuke wa juu ya mafuta hushika moto ukipitishiwa mwali. Dizeli ya petroli hushika kuanzia nyuzi 55 na kitu. Esta safi za methili huvuka 150. Kwa injini yenyewe namba hii haina uzito mkubwa. Uzito wake ni usalama wa ghala, na uwezo wake wa kufichua methanoli iliyobaki: asilimia 1 tu ya methanoli inaweza kuliteremsha kutoka 170 °C hadi chini ya 40. Ndiyo maana ASTM D6751 inakubali 130 °C kuwa uthibitisho kwamba methanoli imetolewa, na inakubali 93 °C ikiwa methanoli imepimwa kivyake.

Kifaa ni kikombe cha kufunikwa cha Pensky-Martens. Jaza hadi alama, takriban mililita 75, sampuli ikiwa ya joto la chumba. Funga, washa kikorogeo mizunguko 90 hadi 120 kwa dakika, pandisha joto digrii 3 kwa dakika. Anza kupitisha mwali kama digrii 24 kabla ya pale unapotegemea, kisha kila baada ya digrii 2, ukisimamisha kikorogeo wakati wa kupitisha. Andika joto la mwako wa kwanza unaotanda ghafla juu ya uso wote. Mviringo wa buluu unaokua kuzunguka mwali wenyewe si mwako. Ni onyo kwamba unakaribia.

Mwako ukitokea mara ya kwanza tu unapopitisha mwali, namba hiyo haifai. Mwaga, pozesha kikombe, chukua sampuli mpya, anza chini zaidi. Sampuli iliyokwisha kupashwa haitumiki tena, kwa kuwa methanoli yake imeshaondoka.

Rekebisha kwa shinikizo la hewa: ongeza 0.25 × (101.3 − shinikizo lako kwa kilopaskali). Penye mwinuko ambako shinikizo ni 83, unaongeza digrii 4.6. Tumia shinikizo halisi la mahali ulipo, si lile la utabiri wa hewa lililokwisha kurekebishwa kuwa la usawa wa bahari. Fanya kazi hii mahali pasipo upepo, na pasiwe na chupa ya methanoli wala asetoni iliyo wazi karibu.

Maji

Njia ya kuaminika ni mashine ya Karl Fischer, inayopima maji kwa mmenyuko wa kikemikali. Biodizeli inaweza kuyeyusha maji ya miligramu 1500 hivi kwa kilo bila kuonyesha ukungu wowote, kwa hiyo kung'aa si ushahidi wa ukavu. Kudondosha tone kwenye bamba la moto na kusikiliza mlio hufichua maji mengi tu. Kwa mpaka wa 500 haisaidii.

Baridi

Vipimo vitatu, na vinachanganywa mno. Joto la ukungu ni pale fuwele za kwanza za nta zinapoonekana. Joto la kuziba chujio ni pale mafuta yanaposhindwa kupita kwenye wavu. Joto la mwisho la kumiminika ni pale yanapokataa kusogea. Dereva huathiriwa na la pili. La tatu linamhusu mwenye tangi na bomba.

Kwa joto la ukungu, pasha sampuli angalau digrii 14 juu ya pale unapotegemea ukungu, ichuje kwa karatasi kavu isiyotoa nyuzi hadi ing'ae, maana ukungu wa maji utakudanganya. Weka kwenye chupa bapa chini, kipimajoto kikigusa sakafu ya chupa, poza taratibu, itoe haraka kila digrii 1 na kuitazama chini pembeni bila kuitikisa. Kwa joto la kumiminika, inamisha chupa kila digrii 3. Ikilala kabisa kwa sekunde 5 bila mafuta kusogea, ongeza 3 kwenye joto ulilosoma. Mtihani wa chujio huvuta mililita 20 kupitia wavu wa mikroni 45 kwa mvuto wa kilopaskali 2. Ikichukua zaidi ya sekunde 60, au mafuta yakikataa kurudi kwenye chombo yanapoachiwa, joto hilo ndilo jibu.

Biodizeli ya mawese au ya mafuta ya ng'ombe hutia ukungu kwenye nyuzi 12 hadi 17 hivi, ya soya karibu na 0, ya rapa chini ya 0. Tofauti hiyo inatokana na mafuta yenyewe, haitokani na ufundi wa mtengenezaji. Kuosha mara tano hakuibadilishi mawese kuwa soya.

Nishati na setani

Nishati hupimwa kwa kalorimita ya bomu, chombo kinachochoma mafuta na kupima joto linalotoka: sampuli isiyozidi gramu 1, oksijeni ya bar 30, kifaa kikiwa kimesahihishwa kwa asidi ya benzoiki. Tegemea megajuli 37 hadi 38 kwa kilo, thamani ya chini (bila kuhesabu joto lililobebwa na mvuke wa maji), dhidi ya 43 hivi ya dizeli. Sehemu ya pengo hilo hufidiwa na densiti kubwa, hivyo kwa lita hasara ni ndogo kuliko kwa kilo. Namba ya setani, kipimo cha wepesi wa mafuta kuwaka yenyewe ndani ya injini, huhitaji injini maalumu ya majaribio. Usijaribu kuikokotoa kwa fomula ya densiti na joto la kunereka inayotumika kwa dizeli. Ilitungwa kwa mafuta ya petroli, na biodizeli huchemka kwenye upeo mwembamba sana wa joto kiasi kwamba jibu halina maana.

Mchanganyiko, na kuzisoma namba pamoja

Densiti ya mchanganyiko hufuata ujazo moja kwa moja: asilimia 20 ya biodizeli ya 880 ndani ya dizeli ya 835 ni 844. Mnato haufuati hivyo, chukua logi asilia (ln). Dizeli ya 2.8 na biodizeli ya 4.5 kwa 80 na 20: 0.8 × ln 2.8 + 0.2 × ln 4.5 ni 1.1245, sawa na mnato wa 3.08. Kipimo chako kikitofautiana sana na hapo, ama kiasi cha mchanganyiko si kile ulichoambiwa, ama mchanganyiko haukukorogwa.

Fomula hizohizo zinaonyesha kwa nini densiti peke yake haitoshi kukamata biodizeli mbovu. Acha asilimia 10 ya mafuta ghafi ya densiti 920 na mnato 35 ndani ya biodizeli nzuri. Densiti inapanda kutoka 880 hadi 884, bado iko katikati kabisa ya mipaka. Mnato unapanda kutoka 4.5 hadi takriban 5.5, na umeshavuka mpaka wa Ulaya. Ukitaka kuthibitisha, tia mililita 3 za biodizeli kwenye mililita 27 za methanoli, tikisa, acha kwenye joto la chumba: esta huyeyuka, mafuta yasiyobadilika huzama chini kama matone. Ila biodizeli ya mawese kwenye chumba cha baridi inaweza kuacha mashapo ya nta, kwa hiyo jaribu kwenye nyuzi 20 au zaidi.

Mnato mdogo pamoja na joto la kushika moto lililoanguka ni methanoli. Mnato uliopanda kwenye mafuta yaliyofaulu vipimo miezi kadhaa iliyopita, huku joto la kushika moto likiwa palepale, ni mafuta kuozeshwa na oksijeni ya hewa. Pima na asidi, ambayo isizidi miligramu 0.50 za KOH (hidroksidi ya potasiamu) kwa gramu, nayo utaikuta imepanda. Kwa ajili hiyo weka mililita 200 za kila pipa kwenye chupa ya kahawia iliyojaa hadi shingoni, gizani, ikiwa na tarehe, joto na namba zote tano, ili siku nozeli zitakapolalamika kuwe na kitu cha kupima tena.